Kipanga wa Nyumba Yetu

Kaka yangu tulimwita Kipanga. Kidato cha sita alipata divisheni wani, na siku matokeo yalipotoka majirani zetu wa Magomeni walikuja kumpa mkono. Mama alichinja kuku wawili. Mimi niliyeishia kidato cha nne nilimbebea sanduku hadi chuo kikuu, na kila tuliyekutana naye njiani nilimwambia, "Huyu bwana ni kichwa, hasomi lakini anafaulu." Sikujua kuwa sifa hizo ndizo zitakazommaliza.

Testi ya kwanza ya hesabu ilimwangusha. Wenzake walioanguka naye waliunda vikundi, wakapiga msuli maktaba mpaka muda wa kufunga, wakamfuata mhadhiri na maswali yao. Kaka hakwenda. Kipanga atauliza nini mbele za watu? Alikaa chumbani, akikopa madesa ya wenzie usiku wa kuamkia mtihani. Akapata sapu tatu. Hata hapo nyumbani alituambia kwamba wahadhiri wana roho mbaya. Mwisho wa mwaka akadisko, akarudi na lile sanduku.

Nilimpokea mimi. Usiku, taa imeshazimwa, akaniambia polepole, "Mdogo wangu, hesabu zile zinafundishika. Mimi niliona aibu kuonekana sijui."

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walieleza jinsi watoto waliosifiwa akili walivyovunjika moyo upesi walipokutana na maswali magumu, kuliko wale waliosifiwa bidii. Nikaukumbuka mdomo wangu siku ile ya sanduku.

Na gonjwa hilo ninalo hata mimi. Chini ya godoro kuna muswada wa riwaya yangu, kurasa 140, ambao sikupata kumwonyesha mtu, eti kwa kuwa shuleni waliniita mwandishi wa kuzaliwa. Nikiandika vibaya, jina hilo litakwenda wapi?

Siku hizi kaka anafundisha tuisheni mtaani, na mwanafunzi asiyeuliza swali hamruhusu kutoka. Wiki iliyopita nilimpa ule muswada. Ameurudisha umejaa wino mwekundu. Imeniuma, bwana, nisiseme uongo. Lakini jana usiku nimeanza kuandika upya sura ya kwanza, na leo nakwenda kumwuliza alichokiandika pembeni mwa ukurasa wa tatu.