Juu ya Meli Yetu na Ule Mzinga

Tangu tulipoirudisha meli katika bibliotheki, wengi wanatuuliza kwa sababu gani tumeharibu Liemba. Wengine wanauliza kwa kucheka, wengine kwa kukasirika kweli. Bwana Prefe naye aliuliza, lakini yeye kwa upole. Basi tumeona vema kuandika hapa mara moja, ili tusijibu njiani kila siku. Sisi ni sita, wote wa mwaka wa tano.

Wanafunzi wapya hawajui, kwa hiyo tuanze na meli yenyewe. Ni kazi ya kaka zetu waliokwisha kupata diploma na kuondoka. Waliichonga kwa mti mwepesi, urefu sentimita 70, upana sentimita 10, maana walipiga hesabu kwamba sentimita moja ya kwao iwe mita moja ya meli ya kweli, na Liemba ina urefu wa mita 70 na kidogo. Ubavuni waliifunika kwa bati la makopo, wakaipaka rangi nyeupe. Tena hawakutengeneza Liemba ya siku yoyote tu. Ni Liemba ya mwaka 1997, ile iliyorudisha wazazi wetu kutoka ukimbizini. Mwaka ule HCR iliitumia kwa miezi mitano, ikafanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikabeba watu zaidi ya 75,000. Ndiyo maana mbele ya meli kaka zetu walitandika kipande cha bashi ya HCR, bashi ya kweli, iliyokatwa kwenye ile ya nyumbani kwa mmoja wao. Mzee aliyeshuka Kalundu mwaka ule akiingia bibliotheki, jicho lake linaenda kwanza kwenye ile bashi.

Sisi tukasema: na kabla ya kuwa Liemba ilikuwa nini?

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanaweza kununua dukani motokari ndogo ndani ya sanduku, vipande vipande, pamoja na karatasi ya maelezo, wakaiunga na gundi. Na kuna wanaofika mbali zaidi. Sanduku linasema gari ni ya mwaka fulani, wao wanakata hapa, wanaongeza pale, mpaka inakuwa gari ya zamani za babu zao. Tuliposikia habari hiyo mara ya kwanza tulicheka. Kiisha tukaacha kucheka, kwa maana meli yetu ya kweli, ile kubwa, ilifika kwenye ziwa hili namna ile ile. Mwaka 1913 iliundwa Papenburg, Ujerumani, kwa Meyer. Ilipokwisha kuungwa waliifungua tena, wakaitia ndani ya masanduku 5,000, wakayapeleka kwa bahari mpaka Dar es Salaam, halafu kwa reli upande wa Kigoma. Pale ikaungwa upya. Tarehe 5 Februari 1915 ikateremshwa majini, jina lake Graf von Goetzen. Huyo Goetzen ni yule mzungu aliyefika ziwa Kivu mwaka 1894, baadaye akawa gavana wa Wajerumani upande wa Tanganyika. Ilikuwa meli ya vita, kwa sababu vita vilikuwa vimekwisha kuanza, na upande wetu huu wa ziwa walikuwako Wabelgiji.

Basi kazi yetu ilikuwa kuitoa meli ya 1997 na kuirudisha nyuma.

Kuondoa ni rahisi kuliko kuongeza, wasikudanganye. Tuliondoa kwanza kile kitu cha juu ambacho kaka zetu walikiita radari. Mwaka 1915 radari haikuwako popote duniani. Tuliondoa matairi madogo ya kandambili yaliyoning'inia ubavuni ili meli isigonge bandari. Mwaka ule Kigoma motokari zilikuwa ngapi, hata meli ipate matairi ya kuchakaa? Dohani ilikuwa fupi, kama inavyofaa meli ya mazuti. Mashine za mazuti ziliingia Liemba katika miaka ya 1970. Goetzen ilikuwa ya mvuke, dohani yake moja ndefu. Tulikunja bati la kopo la maziwa kwenye fimbo, tukalifunga kwa waya, na ncha tukaipitisha juu ya taa ya petroli mpaka ikashika masizi. Hiyo peke yake ilibadilisha meli kuliko tulivyotazamia. Mtu akiiona kutoka mlangoni anafikiri inatoka safari.

Kazi iliyotukalisha majuma matatu ni ribiti. Meli za zama zile haziungwi kwa moto kama mageti ya siku hizi; bati na bati vinashikana kwa misumari ya chuma iliyopigwa kichwa pande zote mbili. Ukitazama foto za zamani unaona vile vichwa, mistari na mistari, kama upele. Tulibandua bati lote la ubavuni, tukaligeuza, tukaliweka juu ya kandambili ya zamani, tukapiga kwa nyuma na msumari mbutu, nyundo kidogo tu. Ukipiga kwa nguvu bati linatoboka. Ukipiga polepole sana hakuna kinachoonekana. Alama zilipaswa kwenda sawasawa, kwa hiyo tulizipima na rula. Tulihesabu mpaka 1,400, kiisha tukachoka kuhesabu. Wale watatu waliofanya kazi hii mpaka leo wakiona paa ya bati wanatafuta misumari.

Bashi tuliitoa siku ya mwisho. Hakuna aliyetaka kuitoa. Ilibanduliwa, ikakunjwa, ikatiwa ndani ya kartoni ya sabuni pamoja na radari, matairi na dohani fupi. Kartoni iko chini ya meza ya bibliotheki, imeandikwa «Liemba 1997». Kwa hiyo wanaosema tumeharibu, waende wafungue kartoni.

Halafu ukaja mzinga, na hapo tukagawanyika, watatu kwa watatu.

Goetzen ilikuwa na mzinga mkubwa mbele, wa sentimita 10 na nusu mdomoni, uliotoka katika manowari Königsberg. Kwa kipimo chetu unapata kijiti cha sentimita nne. Katika kijiji kingine kijiti cha sentimita nne ni mchezo wa watoto. Lakini sisi ni wa Makobola, na hapa hakuna nyumba isiyojua tarehe 30 Desemba 1998 na siku zilizofuata. Dada mmoja kati yetu alisimama, akasema:

«Mama alikaa hapa mbele, usiku mzima, mimi sijazaliwa bado. Sasa nyinyi munataka kuweka bunduki pale pale alipokaa?»

Mwingine akajibu: «Dada, historia iko historia. Ukitoa mzinga hiyo haiko Goetzen tena. Iko Liemba yenye dohani ndefu.»

Wote wawili walisema kweli. Juma zima meli ilikaa mezani bila mtu kuigusa, na watu wawili waliacha kusalimiana, ingawa nyumba zao zinapakana. Tulimwendea mwalimu wa historia atukatie shauri. Hakusema nani ana haki. Aliuliza tu: «Goetzen ya mwezi gani?»

Tuliona anatukimbia. Kumbe ndilo swali lenyewe. Königsberg ilizamishwa katika mto Rufiji tarehe 11 Julai 1915, na mizinga yake ikatolewa majini baada ya hapo. Maana yake, Goetzen ilipoteremshwa mwezi wa Februari mzinga ule haukuwako kabisa. Ukitaka mzinga, chagua mwisho wa 1915. Na mwaka 1916 mambo yakageuka tena: mzinga mkubwa ukaondolewa, ukapelekwa kwenye vita vya nchi kavu, na mahali pake Wajerumani wakaweka wa mti, umechongwa tu, ili maadui wasijue. Na maadui hawakujua. Waliendelea kuiogopa meli iliyobeba gogo.

Dada alicheka mpaka akakaa. Tukachagua mwezi wa Julai 1916, bila kura.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mzinga mnaouona ni wa mti kwa sababu ule wa kweli nao ulikuwa wa mti. Uliotengenezwa vizuri kwa chuma ungekuwa uongo. Tuliuchonga kwa uti wa jani la mngazi, tukaupaka rangi nyeusi, lakini chini tukaacha mti uonekane kidogo.

Julai 1916 ina jambo lingine. Wajerumani walipoona Kigoma inaanguka, waliamua kuizamisha meli wenyewe. Mafundi watatu waliokuja nayo kutoka Papenburg walipaka mashine mafuta mazito kila mahali, wakaijaza mchanga, wakaizamisha taratibu tarehe 26 karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Wabelgiji walijaribu kuiinua, haikusimama. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na zile mashine zilizopakwa mafuta zikawa bado nzima. Mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ambalo Livingstone aliandika kuwa jina la zamani la ziwa upande wa kusini. Ndani ya meli yetu hakuna mashine, kuna kipande cha chuma tu cha kuizuia isipinduke. Hicho tulikipaka mawese. Hakuna atakayekiona, ila mende, na wao wamefurahi sana.

Siku ya wazazi mama wa yule dada alikuja. Tuliogopa kidogo. Aliizunguka meza, akagusa zile ribiti, akauliza bashi iko wapi. Tukamwonyesha kartoni. Akauliza: «Na hii nyeusi?»

«Ni mzinga, mama. Lakini ni wa mti.»

«Hata ule wa kweli?»

«Hata ule wa kweli, mwaka 1916.»

Aliushika kwa vidole viwili, akauchomoa, akauweka juu ya meza. Kiisha akaweka kidole kwenye tundu, akamwambia binti yake: «Ni hapa. Mimi hapa, shangazi yako hapa, na kuku wa watu wa Baraka hapa, wanapiga kelele mpaka asubuhi.»

Mzinga hatujaurudisha. Uko kwenye dirisha la bibliotheki, karibu na chaki. Anayetaka kuona Goetzen atauchomeka mwenyewe, tundu liko pale.