Kupima Nyasi Ndani ya Kreta

Ukungu ulikuwa bado umefunika ukingo wa Ngorongoro tulipoanza kuteremka barabara ya Seneto. Magari yaliyotutangulia yaliwafuata simba na faru. Sisi tulifuata nyasi.

Chini, kwenye uwanda wa takriban kilomita za mraba 250, maua ya njano na zambarau yalikuwa yametanda. Nilivutiwa, mtaalamu wa malisho niliyeandamana naye alisikitika. Ya njano ni Bidens schimperi, ya zambarau ni Gutenbergia cordifolia, magugu yanayosonga nyasi wanazozitegemea nyumbu na pundamilia.

Tulitandaza kamba, tukaweka fremu ya mraba kila baada ya hatua kadhaa. Tuliandika kila mmea uliokuwamo, tukakadiria udongo ulio wazi, tukapima urefu wa nyasi kwa rula, kisha tukapiga picha tukiwa tumesimama penye alama ya msimu uliopita. Fremu moja haina uzito. Ikirudiwa palepale mwaka hadi mwaka, hufichua yale ambayo macho yameshayazoea.

Kreta hii imelipa gharama ya mabadiliko ya nyasi zake. Mwaka 1974 wafugaji wa Kimaasai waliondolewa ndani yake, na moto waliouwasha kuchoma nyasi kavu ukakoma. Nyasi zikarefuka na kukomaa. Hesabu za wanyama zilizofanywa masika na kiangazi zikaonyesha nyati wakiongezeka na nyumbu wakipungua. Ukaja ukame wa mwaka 2000, na mwaka uliofuata kupe wakazagaa; nyati wengi wakafa, faru nao hawakusalimika. Ndipo uchomaji wa kupangwa ukarejeshwa ili kupunguza kupe.

Jioni, juu ukingoni, nilimwamkia mzee mmoja mfugaji na kumuuliza wao walipimaje malisho.

“Marahaba, mwanangu. Ng’ombe ndiye aliyetuambia. Maziwa yakipungua na nyasi bado ni nyingi, ujue nyasi hizo zimeharibika. Tunahama.”

Huo nao ni ufuatiliaji wa ikolojia, tena wa watu waliokuwa uwandani kila siku. Panapoamuliwa eneo lipi lichomwe, na lipi lifyekwe kabla magugu hayajatoa mbegu, karatasi zetu zina haki ya kusomwa. Mzee yule naye ana haki ya kuketi kwenye kikao hicho na kusikilizwa.