Ufa Mwembamba Kama Unywele

Ukisikia kwamba nyumbani kwangu hapa Nairobi mna upanga, usinidhanie mabaya. Sisemi lile panga la kufyekea nyasi shambani. Huu ni upanga mwembamba wa mchezo, butu nchani, wa aina iitwayo epe, na mwenyewe ni binti yangu wa miaka 14.

Mchezo wenyewe uliingia kwetu kupitia televisheni. Mwaka wa 2024 Alexandra Ndolo, ambaye babake ni Mkenya, aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki za Paris. Miaka miwili kabla ya hapo, akiichezea Ujerumani, alikuwa amenyakua nishani ya fedha katika mashindano ya dunia mjini Cairo. Binti yangu alimwona, na haukupita mwezi kabla ya kujiunga na mazoezi. Upanga tuliununua mkuukuu, tena wenye kutu. Kazi ya kuutunza ikanihusu mimi niliyetoa pesa!

Si kazi ngumu. Jumamosi, vyombo vikishaondolewa mezani, naupangusa kutu kwa msasa laini, kisha naupitishia kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani. Ule mfereji wa katikati siugusi kwa msasa, maana nyaya za umeme zimegandishwa humo kwa gundi, na zikikatika taa haiwaki na pointi haihesabiwi. Vijino vinavyoachwa na panga zikigongana navilainisha kwa tupa ndogo. Hivyo usivipuuze, kwa sababu ufa hupenda kuanzia hapo. Tena upanga usilale mkobani pamoja na nguo zenye jasho.

Je, ukipinda? Sheria za mchezo zinakubali upinde usiofika sentimita 1. Ukizidi, weka nyundo mbali. Ulaze sakafuni, ukanyage kwa soli ya kiatu, kisha uuvute polepole kwa mpini huku ukiuinua, mpaka urudi ulivyokuwa. Lakini ukiwa umekunjika mahali pamoja kama kiwiko, jihadhari sana. Kila ukiukunja na kuukunjua, chuma kinachoka, kama ule waya unaoukata kwa mikono.

Sasa nikuungamie jambo. Jumamosi moja, kesho yake binti akiwa na mashindano, nilipitisha ukucha juu ya upanga, ukakwama. Nikausogeza kwenye taa. Palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, shubiri moja hivi kutoka nchani. Mshahara ulikuwa bado wiki mbili.

Nilishuka nao hadi kwa fundi wa kuchomelea aliye chini ya nyumba yetu.

"Mama, hii ni kazi ya dakika tano," akaniambia. "Hutajua palikuwa na ufa."

Hapo ndipo penyewe: nisingejua. Moto wa kuchomelea huharibu ugumu wa chuma cha namna hii, kikavunjika kando ya pale palipoungwa. Nikamshukuru, nikapanda ngazi. Halafu, aibu yangu hii, nikautia upanga mkobani bila kumwambia mtoto neno. Nilijisemea ni mkwaruzo tu.

Usingizi ulikataa. Nilikuwa nimesoma habari za Vladimir Smirnov wa Umoja wa Sovieti, bingwa wa Olimpiki wa mwaka wa 1980. Mwaka wa 1982, katika mashindano ya dunia mjini Roma, upanga wa mpinzani wake ulivunjika, kipande chenye ncha kali kikapenya barakoa yake. Alifariki siku chache baadaye. Baada ya msiba huo, chuma cha panga, barakoa na mavazi viliimarishwa. Lakini nani atauimarisha upanga ambao mama mtu ameona ufa wake akanyamaza? Isitoshe, kipande hicho kingemchoma mtoto wa mwenzangu, wala si wangu.

Saa kumi na moja alfajiri niliamka, nikaufunika kwa blanketi kuukuu na kuupinda vile ninavyoupinda siku zote. Paa! Ulikatika kama kijiti cha ukwaju. Pale ulipokatika, nusu ilikuwa nyeusi ya zamani na nusu inang'aa.

Binti alitoka chumbani mbio. Alitazama vipande, akanitazama.

"Mama, uliuona jana?"

"Niliuona."

Alicheza kwa upanga wa kuazima, akatolewa mapema, na hakusema nami vizuri hadi Jumanne. Mpini na kikinga mkono tulivihifadhi, kwani chuma huuzwa peke yake, na mwisho wa mwezi nikanunua kingine.

Kakake aliomba kile kipande cha mbele akitumie kuchomea mishikaki. Nilikizungushia utepe mzito pale penye ncha, nikakipeleka kwa fundi kiende na vyuma chakavu. Aliufungua utepe kidogo, akapagusa kwa kidole, akaufunga tena.