Pikipiki Imeibwa, Deni Limebaki

Nimeona vema niwaelezeni habari za wizi wa pikipiki, kwani wengi wetu twasomeshwa kwa chombo hicho.

Kaka yangu aliendesha bodaboda ya mkataba huko Mwanjelwa, Mbeya. Kila jioni alimpelekea tajiri hesabu ya shilingi 10,000, ili mwaka ukiisha iwe mali yake. Mwaka 2022, ikibaki miezi miwili, abiria wa usiku alimpiga akatoroka nayo. Kaka alipona, lakini deni halikufa. Baba aliuza misindano yake kule Mufindi, Iringa, ikiwa ya miaka 8 tu, haijafaa kwa mbao. Miti ile ndiyo iliyokuwa karo yetu ya kesho.

Pikipiki ya wizi hufunguliwa vipuri, au huvushwa mpaka, na Tunduma si mbali na Mbeya. Lakini pasipo mnunuzi, mwizi angeiba kwa faida gani? Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, humhesabu apokeaye mali ya wizi kuwa mkosaji pia.

Basi, ndugu zangu, ukiuziwa kwa bei ya kutupa, dai kadi, kisha linganisha nayo namba ya injini na ya chesi. Zisipolingana, usinunue jasho la mwenzio.