Njia zetu za miguu: vilima, misitu na mito ya Lusangi



Mgeni akifika kwetu huuliza, "Kutoka hapa mpaka kule ni kilomita ngapi?" Sisi hatumjibu kwa kilomita. Tunamwambia, "Ni mito mitatu," au, "Ni vilima viwili na mto mmoja." Anaweza kudhani tunamtania, lakini hiyo ndiyo hesabu ya kweli ya nchi hii iliyo kati ya Kasongo na Kabambare. Njia ya mito mitatu mwezi wa Julai ni matembezi ya asubuhi tu. Njia hiyohiyo mwezi wa Desemba inaweza kula siku nzima, au ikakurudisha nyumbani na mzigo wako kichwani.

Juma hili tunataka kuwatembeza kwenye njia hizo. Tumezipita tangu tukiwa mgongoni mwa mama zetu, na kwa sababu hiyo mara nyingi tunasahau kuzisemea.

Kusini mwa Maniema si msitu mmoja mnene kama kaskazini, upande wa Punia na Lubutu. Kwetu majani na msitu vimegawana ardhi. Juu ya vilima kuna majani marefu, vijiji, na mashamba ya mihogo, karanga na mpunga. Chini, penye maji, msitu umefuata kila mto pande zote mbili. Basi mtembeaji hutoka juani, akateremka kivulini, akavuka maji, akapanda tena mpaka juani, na baada ya muda akaanza upya. Maji yote hayo mwisho wake ni Lualaba. Mengine hupitia kwanza Luama, mto mkubwa wa Kabambare unaoteremka kutoka milima ya upande wa Ziwa Tanganyika.

Ukitaka kuzijua njia hizi, toka alfajiri siku ya soko. Wa kwanza utakaowakuta ni wamama, kata ya kikwembe kichwani, kitunga juu yake, wamekwenda kwa mstari kwa sababu njia ina upana wa mtu mmoja. Anayetangulia hupangusa umande kwa kikwembe chake, wa nyuma wanapita pakavu. Wakifika nusu ya safari wanabadilishana. Nyuma yao wanakuja vijana wenye baiskeli, kinga kama tunavyoziita, zimebeba mafuta ya mawese na mifuko ya mpunga. Kwenye mpando hakuna anayepanda juu ya kinga. Mmoja anavuta, mwingine anasukuma. Halafu wanapita watoto wa masomo, nao hawatembei. Wanakimbia mteremko wote mpaka mtoni, wananawa uso, wanakimbia tena.

Njia hizi ni za zamani sana. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilipita nchi hii kutoka Ujiji hadi Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Mskoti David Livingstone alifika Kabambare mwezi wa Septemba 1869. Mwaka uliofuata vidonda vya miguu vilimlaza huko kwa miezi, hata hakuweza kwenda mbele. Alikuwa amepungukiwa karatasi na dawa, watu wa kumhudumia walikuwa wachache, na bila miguu hakuwa na safari. Mwezi wa Machi 1871 ndipo alipofika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba.

Huko aliona jambo ambalo sisi wamama tunapaswa kulikumbuka. Soko la Nyangwe lilikuwa soko la wanawake hasa, waliokuja kwa miguu na kwa mitumbwi kutoka vijiji vya ng'ambo zote mbili. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa misafara walianza kupiga bunduki katikati ya soko. Wanawake walikimbilia mitumbwi, ikasongamana, wengi wakajitupa mtoni na maji yakawachukua. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kwamba walikufa watu kati ya 330 na 400. Wale walikuwa wamama waliobeba bidhaa zao kama sisi. Habari hiyo ilipofika Ulaya, iliwasukuma wengi kupinga biashara ya watumwa. Kwetu sisi, inatukumbusha kwamba njia ya soko ni salama pale tu penye amani, na vita vya siku zetu vimetufundisha hivyohivyo.

Sasa turudi kwenye vilima vyetu. Mahali pengi utakuta njia mbili zinazofika sehemu moja. Ya kwanza ni njia ya bonde. Inashuka moja kwa moja, inavuka mto juu ya gogo au ndani ya maji, inapanda upande wa pili. Ni fupi, ina kivuli, na kila mtu anaipenda wakati wa kiangazi. Ya pili ni njia ya mgongo. Inafuata juu ya vilima, inazunguka vyanzo vya vijito badala ya kuvivuka, na inaweza kuwa mara mbili ya ile ya kwanza. Juani inachosha. Vijana wengi hawaijui tena, kwa sababu wanaona ni njia ya wazee.

Lakini mvua ikinyesha usiku mzima, ndipo utakapojua kwa nini wazee waliitunza. Mto wetu mdogo hauhitaji mvua kunyesha juu ya kichwa chako. Inanyesha mbali, kwenye vilima vya juu, na wewe unakuta maji yamebadilika rangi, yamebeba majani na matawi, na gogo la kuvukia limefunikwa au limekwenda zake. Hapo usijaribu. Maji yaendayo kasi yakifika magotini tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, sembuse mwenye mtoto mgongoni. Mara nyingi kijito kidogo hupungua baada ya saa chache. Kaa usubiri, au rudi ushike njia ya mgongo. Wahenga walisema, kawia ufike.

Kuna neno moja zaidi juu ya mito hii. Pale maji yanapopita kwa nguvu juu ya mawe huzaliana nzi wadogo weusi wanaouma mchana. Ndio wanaoleta ugonjwa wa usubi unaopofusha macho. Wagawaji wa dawa wakipita kijijini kila mwaka, tumeze, hata kama tunajiona wazima. Kama una mimba au unanyonyesha mtoto mchanga, mwambie mgawaji kwanza.

Katika nchi nyingine watu hukimbia vilimani kwa ajili ya mashindano. Kule Iten, nchini Kenya, kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 2,000, vijana wa kiume na wa kike hupita mbio njia za udongo kila alfajiri, na baadhi yao wameleta medali za dunia. Hata sisi tuna wapiga mbio, ila hakuna anayewapa medali. Mama akishikwa na uchungu usiku na mambo yakaonekana si ya kawaida, kijana mmoja hutangulia mbio na taa mkononi kwenda kumwamsha mkunga, huku wengine wanafuata na kipoyi. Kijana huyo anajua kila jiwe. Lakini akishika njia ya bonde usiku ambao mto umejaa, mbio zake zinaishia ukingoni.

Hapa ndipo habari ya njia inakuwa habari ya uzima. Katika miaka ya 1970 waganga na watafiti walifanya kazi ya miaka mingi katika eneo la afya la Kasongo, jirani zetu. Waliwafuata maelfu ya wamama wenye mimba ili wajue kama inawezekana kutambua mapema ni nani atakayekwama wakati wa kuzaa. Waliwaandika waliowahi kupata shida, wakaangalia mwisho wake. Matokeo yaliwashangaza wengi na yanasomwa mpaka leo katika nchi za mbali. Wengi wa wale waliokwama hawakuwa na historia yoyote ya shida, na wengi wa wale waliodhaniwa watapata shida walizaa salama.

Maana yake kwetu ni nyepesi kuelewa. Hatuwezi kusema, "Huyu amekwisha kuzaa wanne bila shida, haitaji kipoyi." Kila mwenye mimba, wa kwanza na wa saba, anahitaji njia inayopitika. Kupima mimba kunabaki na faida kubwa, lakini hakuchukui nafasi ya njia.

Basi tunaomba kila familia ipange mambo haya kabla mwezi wa nane wa mimba haujaisha. Njia zote mbili zijulikane, na baba mwenye nyumba azipite kwa miguu yake mwenyewe. Wabebaji wawe angalau wanane, wapokezane, na mama alazwe kwa ubavu wa kushoto. Akiba kidogo iwekwe, hata kwa kupitia likelemba ya kikundi. Na kama kijiji kiko nyuma ya mito inayofurika, mama asisubiri uchungu: aende mapema akae kwa ndugu karibu na hospitali.

Dalili za kuondoka mara moja, bila kungoja asubuhi, ni hizi: damu nyingi, kifafa, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, homa kali, maji kuvunjika kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza tumboni. Na kama uchungu ulianza jua likichomoza, jua lisizame mama akiwa bado kijijini.

Sehemu ya pili ni kazi ya mikono, na si ya wamama peke yao. Mvua kubwa hurudi Septemba. Salongo ya mwezi wa Agosti isiishie kwenye barabara ambako wakubwa wanapita na gari. Tukate majani kwenye njia ya mgongo, upana wa watu wawili wanaobeba kipoyi. Magogo ya kuvukia yawe mawili, yafungwe pamoja, na kamba ya kushikia iwekwe upande mmoja. Mahali penye utelezi tuchimbe ngazi. Kwa vijana hiyo ni kazi ya siku mbili au tatu, na chakula tutapika sisi.

Kwenye mkutano ujao kila kikundi kilete habari za njia yake: ina mito mingapi, upi unajaa kwanza, njia ya mgongo inaanzia wapi, nyumba ipi inaweza kumpokea mama njiani usiku, na kijana gani yuko tayari kukimbia. Tutaziandika zote kwenye daftari moja, na nakala itakaa kwa mkunga.