Kiboko wa Katuni na Kiboko wa Sitalike

Mwaka 2001 nchi yetu ilionyeshwa katika The Simpsons, katuni ya kuchekesha ya televisheni ya Marekani. Familia ya Homer na Marge inakuta zawadi ndani ya boksi la biskuti, nayo inakuja Tanzania. Mwongozaji wao anaitwa Kitenge. Akina mama mtacheka! Ni kama sisi kumwita Mzungu Bwana Sweta. Kiboko anawakimbiza, wanaponea mtoni, mara wanaporomoka na maji ya Victoria. Maporomoko hayo si ya kwetu. Mama atokaye Mpanda atavuka Zambia nzima ndipo ayaone.

Hatuna ugomvi na kicheko. Katuni hiyo huwacheka Wamarekani wenyewe kabla ya wengine. Lakini mtoto asiye na picha nyingine atadhani Tanzania ni wanyama tu na watu wa kuwaongoza wageni.

Sisi tuliteremka Sitalike, kiasi cha kilomita 35 kusini mwa Mpanda, mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyoanzishwa mwaka 1974. Hapo Mto Katuma unapita jirani na nyumba za watu. Kiangazi kinapokolea, mwezi wa Septemba na Oktoba, maji hupungua na viboko husongamana katika madimbwi ya matope, mgongo kwa mgongo. Mchana wanalala humo, usiku wanatoka kula nyasi. Kiboko huyu hachekeshi. Anaua, na mwenyeji wa hapa hapiti ukingoni gizani.

Tena Katuma haupungui kwa jua peke yake. Huko juu wakulima wanakinga maji kumwagilia mpunga, na wali huo ndio tunaowapakulia watoto wetu. Kiboko na mama mwenye sufuria wanategemea mto mmoja. Maji yakitumika ovyo, wote wawili wataumia. Habari hiyo katuni haikuifikia.

Basi mama, watoto wakitazama katuni, usikimbilie kuzima televisheni. Keti nao, cheka nao, kisha waulize: mto huu ni upi? Maji yake yanatoka wapi? Nani mwingine anayategemea? Na ukijaliwa nauli, wapeleke Sitalike wakajionee. Ila wasimame mbali na ukingo.