Kilichobaki Jichoni

Lumuma ni nchi ya vitunguu. Ukimwona mtu anatokwa machozi, huulizi amefiwa na nani. Basi bibi yangu aliporudi kutoka kupasuliwa mtoto wa jicho, na jicho likaendelea kutiririka wiki nzima, wajomba walikuwa na jibu tayari: "Mama, si vitunguu hivyo! Kaa mbali na shamba."

"Mume wangu," akaniambia mimi mjukuu wake, "hawa wamesahau kitu humu ndani."

Wajomba wakacheka. Mzee akilalamika watu humpa uji, hawampi sikio. Lakini jicho lilikuwa jekundu kama kaa, na mwanga wa mlangoni tu ulimchoma. Tukapanda gari, tukaenda hospitali nyingine, mbali. Daktari akachungulia kwenye mashine yake, kimya, kisha akasema: "Bibi anasema kweli. Kipande cha lenzi yake ya zamani kimebaki."

Yake ya zamani! Hapo ndipo nilipochoka kabisa, msomaji. Maana ile lenzi mpya, ya plastiki, ilikuwa imetulia zake. Kilichozusha ugomvi ni kile alichozaliwa nacho. Lenzi ya asili huishi ndani ya kifuko chake. Ikipasuka na vipande vikabaki nje, mwili huweza kuvishambulia kama wageni. Jicho huvimba, presha yake hupanda, na ukichelewa mshipa wa kuonea hufa. Vipande vidogo laini huweza kuyeyuka vyenyewe. Kigumu, lazima kitolewe.

Na plastiki ilipataje uenyeji? Kwa vita. Daktari Mwingereza, Harold Ridley, aliona marubani wa Vita Kuu ya Pili wenye vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege machoni, na macho yametulia tu. Mwaka 1949, kule London, akampandikizia mgonjwa lenzi ya aina hiyo. Madaktari wenzake walimpinga kwa miaka mingi. Huku kwetu wazee wengi waliendelea kutolewa lenzi na kurudi nyumbani na miwani minene kama vitako vya chupa.

Kipande cha bibi kilitolewa. Wajomba walipokuja kumpa pole, aliwatazama mmoja mmoja, taratibu, halafu akanigeukia:

"Mume wangu, hawa nao mbona wamezeeka hivi?"